Tiyo ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 5 Juni 2023

Kuku mweupe wa mke wangu Marcelline amekufa. Alikuwa analalia mayai kwenye kona ya chumba cha nyuma. Hakuna damu, hakuna jeraha. Amekaa juu ya mayai yake kama kuku mzima, macho wazi. Mke wangu alidhani ni kideri, akataka kumtupa mbali na wengine. Nikamwomba asubiri. Nilifunga mshumaa kwenye ncha ya fimbo, nikauwasha, nikaushusha polepole kuelekea sakafuni. Usawa wa goti, mwali ulianza kusinzia. Usawa wa kifundo cha mguu — ukazimika. Na hakukuwa na upepo hata kidogo.

Mazuku!

Mjini hapa wote wanalijua neno hilo, ila wengi hulitamka kwa sauti ya chini. Wanasema ni upepo mbaya unaotembea alfajiri. Mimi nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, kwa hiyo naeleza: ni gesi ya kaboni dioksidi. Inatoka chini ya ardhi yetu ya volkano kupitia nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, basi inatulia chini, inajaza mabonde na vyumba vya chini kama maji yanavyojaza beseni. Jua likipanda na upepo ukiamka, inatawanyika. Alfajiri inarudi. Aliyesimama hajui kitu. Aliyelala chini haamki.

Chumba chetu cha nyuma kiko ngazi mbili chini ya sebule, kwa sababu kiwanja ni mteremko. Saruji ya sakafu ilipasuka kwenye matetemeko ya mwaka 2021. Ufa nimeuziba mara nyingi. Gesi inatafuta pengine.

Binti yetu Umuhoza anakuja mwezi huu kutoka Rutshuru, na mtoto mchanga mgongoni. Chumba hicho ndicho tulichomwekea. Cha mbele tumekipangisha, tunakula kwa kodi yake. Sisi wenyewe tunalala sebuleni, nyuma ya pazia. Hatuna kingine.

Jumatano, 7 Juni

Nimepata. Kama gesi inakaa kama maji, basi itolewe kama maji. Nitatoboa ukuta chini kabisa, usawa wa sakafu, nipitishe tiyo, bomba la plastiki, ishuke nje kando ya uzio hadi kwenye bonde dogo lililo chini ya kiwanja chetu. Huko ni majani na kokoto tu. Hakuhitajiki mashine wala umeme. Uzito wa gesi yenyewe utaivuta.

Nilikwenda Mapendo, tulikoishi zamani, kwa Twagirimana. Alikuwa mwanafunzi wangu, leo ana duka la vifaa vya ujenzi. Alipoona ninapima tiyo tena, akacheka.

— Mwalimu, kila mwaka unanunua tiyo, na kwako hata robinet ya maji haiko.

Kweli. Mbao zimekuwa ghali na mchwa hawana huruma nazo. Tiyo haiozi. Nimetengeneza nayo mfereji wa paa, rafu ya viatu, fremu ya chandarua. Marcelline anasema siku moja ataamka akute nimemtengenezea mume wa tiyo, na huyo angalau hatakoroma.

Nilimweleza Twagirimana tiyo hii ni ya nini. Akaacha kucheka. Akaniongezea kopo la gundi bila mimi kuomba.

Jumamosi, 10 Juni

Kazi siku nzima. Najiandikia namna nilivyofanya, nisije nikasahau.

Sikununua viungio. Mdomo wa tiyo unauzungusha juu ya makaa, bila kuacha, mpaka ulainike kama bugali uliotoka jikoni. Hapo unausukuma juu ya tiyo ya pili, unafunga kwa kitambaa chenye maji. Ukipoa, umekaza. Kwenye kupinda ni kazi zaidi. Ukipinda tiyo tupu inakunjika, njia inazibika. Basi unaijaza mchanga — mimi natumia huu mweusi wa lava, niliouchoma kwanza kwenye karai — unaziba pande zote mbili kwa matambara, ndipo unaipasha moto. Mchanga unashikilia umbo. Na ukae upande upepo unakotoka, moshi wake ni sumu.

Kosa ambalo wote hufanya ni haraka. Upande mmoja unaungua, mwingine bado mgumu.

Ukuta umenitesa. Chini ni jiwe la lava lenyewe. Nilipiga patasi mpaka kiganja kikachubuka. Jioni tiyo ilikuwa imepita, imeshuka kando ya uzio, mdomo wake umeishia bondeni katikati ya majani.

Jumapili, 11 Juni

Alfajiri, kabla ya misa. Nikashusha mshumaa chumbani mpaka ukagusa saruji. Unawaka! Nikamwita Marcelline aone. Akasimama mlangoni na kanga mabegani, akautazama muda mrefu. Kisha akasema, Papa Umuhoza, mwite binti yako aje.

Alhamisi, 22 Juni

Umuhoza amefika. Mwembamba. Mumewe Edmond amebaki kulinda nyumba na ng'ombe wawili waliobaki. Njiani Umuhoza alishushwa kwenye basi, akatembea, akapanda lingine. Hakutaka kusimulia zaidi, sikumwuliza.

Mtoto anaitwa Élisée. Anashika kidole kwa nguvu.

Nilimtengenezea kitanda cha tiyo, miguu mirefu hadi kwenye mbavu zangu. Umuhoza akauliza kwa nini mtoto alale juu kama mahindi ghalani. Nikamweleza mambo ya gesi, ya uzito, ya mshumaa. Aliniacha nimalize. Halafu akasema nilimweleza yote hayo alipokuwa darasa la tano, mezani, chakula kikapoa.

Jumanne, 4 Julai

Kuna watu bondeni. Mwanaume anapigilia mbao, mwanamke anafyeka. Nilitazama kutoka kwenye uzio. Magoti yangu hayapendi ule mteremko, kwa hiyo tulisalimiana kwa sauti. Anaitwa Nzabonimpa. Naye katoka Rutshuru, ana mke, Olive, na mtoto wa kike. Amechoka na kambi ya waliokimbia vita. Mwenye kiwanja kamruhusu akae bure, mradi akilinde kisiuzwe na matapeli.

Aliazima nyundo. Nilimrushia juu ya uzio.

Jumapili, 16 Julai

Nzabonimpa alirudisha nyundo, na sungura mmoja aliyechinjwa, kwenye jani la ndizi. Anafuga. Alikuja nao kutoka kambini ndani ya mfuko. Nilikataa mara mbili kama inavyopasa, ya tatu Marcelline akapokea. Tukala vizuri. Mtoto wao, Niyigena, alisimama mlangoni akimtazama Élisée kitandani kwake. Akamwuliza mama yake kama mtoto yule ni wa kuuza, maana kawekwa juu ya meza. Tulicheka sote.

Ijumaa, 21 Julai

Sungura wote wa Nzabonimpa wamekufa. Wote, ndani ya kibanda chao, bila alama.

Alipanda hapa asubuhi, kofia mkononi. Olive anasema ni sumu, kuna mtu kawaonea wivu. Yeye mwenyewe hajui. Amekuja kwangu kwa kuwa wameambiwa mimi ni mwalimu. Nilimkalisha, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, bila haraka. Gesi. Uzito. Alfajiri. Bonde kama beseni. Nilimchorea ardhini kwa kijiti. Ni mtu mwenye akili, aliuliza maswali ya maana: je, mtu akilala kwenye mkeka? Nikamwambia asimlaze Niyigena chini hata usiku mmoja zaidi. Nikamwahidi nitashuka kesho nimpimie, na ikibidi nimtengenezee tiyo kama yangu.

Alinishukuru kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 22 Julai

Nilishuka alfajiri, fimbo mkono mmoja, mshumaa mwingine. Nzabonimpa alinipokea katikati ya njia, akanishika kiwiko.

Kibandani mwa sungura mshumaa ulizimika mara moja. Ndani ya nyumba yao, usawa wa goti, ukasinzia. Niyigena alikuwa amelala juu ya magunia na masanduku, kama nilivyosema. Vizuri. Nikatoka kutafuta ufa wa mwamba inakotoka gesi. Nikazunguka. Nyuma ya kibanda majani yalikuwa ya njano, na ndege mdogo amelala ubavu. Nikasogeza mshumaa. Ukazimika. Nikauwasha tena, nikauinua, nikafuata mahali unapozimikia, hatua kwa hatua, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano.

Nikafika kwenye mdomo wa tiyo yangu.

Nilikaa chini. Nzabonimpa akaniinua haraka, akasema muzee usikae huku, wewe mwenyewe ulitufundisha. Akadhani ni magoti. Majani yalikuwa marefu, hakuiona tiyo. Au aliiona akadhani ni ya maji machafu. Nikamwambia nitarudi na jibu. Nikapanda.

Niliwatazama watu wale wakijenga. Nilimrushia nyundo. Na tiyo yenyewe ilipita pembeni ya mguu wangu.

Kabla ya saa sita nilikuwa nimeziba mdomo wa ndani kwa tambara na saruji. Umuhoza aliuliza nafanya nini. Nilimwambia narekebisha.

Jumapili, 23 Julai

Misani sikusikia kitu.

Mshumaa chumbani unazimikia kwenye goti.

Jumatatu, 24 Julai

Leo alfajiri mshumaa ulizimikia juu ya goti, na gesi imeanza kupanda ngazi ya kwanza kuelekea sebule. Umuhoza aliamka na kichwa kizito, akatapika. Élisée hajambo, kile kitanda kimemsaidia. Nimewahamishia wote wawili sebuleni, kwenye godoro letu, juu ya meza mbili tulizounganisha. Marcelline na mimi kwenye viti. Lakini ngazi ni mbili tu, na mojawapo tayari si yetu. Mpangaji wa chumba cha mbele ameanza kuuliza kwa nini tunatembea na mishumaa asubuhi.

Hesabu ni rahisi, na hiyo ndiyo taabu yake. Nikiziba, inapanda kwangu. Nikifungua, inashuka kwake. Nilipochimba ukuta nadhani niliupanua ufa chini ya msingi. Inatoka zaidi ya zamani.

Nilimwambia Marcelline yote. Aliendelea kupepeta maharage. Halafu akasema: na sungura tuliyemla?

Mchana nilishuka tena. Nzabonimpa alikuwa anaongeza udongo juu ya shimo alimofukia sungura. Nilimwonyesha tiyo, nikaifuata kwa fimbo toka mdomoni hadi kwenye ukuta wangu, asiwe na shaka. Nikasema ni mimi. Si mwamba wake, si mtu mwenye wivu. Ni mimi niliyeileta kabla hajaja, na alipokuja nikamwona, wala sikufikiri.

Alisimama na sepetu. Olive alitoka ndani, akamshika Niyigena kichwani. Nilitaka aniseme. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

— Muzee, alisema mwishowe, kabla ya hii tiyo, iyo hewa ilikuwa kwako?

— Ndiyo.

— Na batoto bako?

— Wamerudi kuwa nayo, tangu juzi. Nimeziba.

Alitazama juu, kwenye nyumba yangu. Nikamwambia sungura nitawalipa. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Olive ndiye aliyesema: Papa mwalimu, sungura tutapata bengine. Ila nikuulize. Ile siku ulimuchorea bwana yangu bonde na kijiti, ukamueleza vizuri sana. Na wewe, ulikuwa unajisikiliza?

Nilipanda polepole.

Jumatano, 26 Julai

Siku mbili za kazi. Nimeinua tiyo ya pili wima, kama dohani, imepita paa na kuzidi; ile ya bondeni bado imezibwa. Nimeipaka rangi nyeusi ili jua liipashe, na hewa ya ndani ikipata joto ipande na kuvuta gesi nyuma yake. Juu nimeweka kofia inayogeuka na upepo, niliyoikata kwenye kipande kipana. Nzabonimpa alipanda kunishikia ngazi. Sikumwita, alikuja mwenyewe. Alizungumza kidogo. Alitaka kujua rangi nyeusi inafanya nini, nikamweleza.

Saa nane mchana inavuta vizuri. Karatasi inanata kwenye mdomo wa chini. Umuhoza alipiga makofi.

Sikupiga. Mchana si tatizo. Mchana hata ufa wenyewe hauui mtu.

Alhamisi, 27 Julai

Alfajiri: hakuna jua, hakuna upepo. Kofia imesimama. Tiyo nyeusi ina umande. Mshumaa umezimikia kwenye ngazi ya pili.

Marcelline anasema tuhame. Nikauliza wapi. Akataja nyumba ya dada yake Mapendo, ambako tayari wanalala zamu. Akarudia tena jina la mtaa, polepole, kama anayejaribu ufunguo aone kama utafungua.

Alasiri nilimpelekea Niyigena kitanda kirefu cha tiyo. Olive alikipokea. Akakitikisa kuona kama ni imara, kama mtu anayenunua.

Ijumaa, 28 Julai

Nzabonimpa amekuja kabla sijanywa chai. Amebeba tiyo begani, ndefu, ya zamani, yenye saruji kavu mdomoni. Ameitoa kwenye nyumba iliyobomolewa. Ameiweka chini mbele yangu kwa heshima, kama mwanafunzi anavyoweka daftari mezani.

Ameshafikiri, anasema. Amefikiri siku nne. Mimi nifungue mdomo wa tiyo ya kwanza, gesi ishuke kama zamani. Yeye aipokee bondeni kwa tiyo yake, aiunganishe na yangu, aivushe nyumba yake bila kugusa hewa yao, iende kutokea mbali zaidi, chini. Anachohitaji ni mimi nimfundishe kuunganisha na kupinda, kwa sababu pale penye mwamba lazima ipinde. Hesabu yake ni sahihi. Kama angekuwa darasani ningempa alama zote.

Nilitembea naye hadi kwenye uzio. Chini ya bonde lake mteremko unaendelea hadi kwenye ukuta wa lava. Kwenye ukuta huo, tangu wiki hii, kuna maturubai mawili. Moshi wa jiko ulikuwa unapanda kutoka kwa moja. Mwanamke alikuwa anaanika nguo za mtoto juu ya mawe.

— Na wale? nilimwuliza.

Aliwatazama. Hakugeuza uso, hilo lazima niliandike.

— Bale bamekuja juzi, muzee. Na siye tulikuja juzi.

Nilimwambia twende tuwaambie kwanza. Watu wakijua, wanaweza kusogea, kulala juu, kupima. Akasema ndiyo, muzee, tutawaambia. Wasogee wapi, hakusema. Nikamwambia basi tungoje, labda kuna njia nyingine, kofia pana zaidi, dohani ndefu zaidi. Akaniuliza kwa upole kama kesho alfajiri kutakuwa na upepo. Ndani, Élisée alikuwa anakohoa. Kutoka bondeni Niyigena alikuwa anamwita baba yake.

Sikusema ndiyo. Nina hakika sikusema.

Alikwenda kwenye jiko langu la nje, makaa yalikuwa bado mekundu chini ya sufuria ya chai. Akaondoa sufuria, akaiweka kando vizuri. Akajaza mchanga ndani ya tiyo kwa mikono, akaziba matambara pande mbili, akailaza juu ya makaa. Alikuwa ameniangalia siku ile ya dohani kuliko nilivyodhani. Akaanza kuizungusha. Lakini polepole mno. Upande wa chini ulikuwa unaanza kuwa kahawia.

Nikamwambia azungushe haraka zaidi, mfululizo, na akae upande ule mwingine, moshi usimpige usoni.

Nimeingia ndani kutafuta miwani. Nimekaa hapa kwenye kona ya meza, karibu na miguu ya binti yangu aliyelala, naandika. Nje ananiita kwa sauti ya chini, asiwaamshe. Anasema muzee, imelainika. Anauliza kama aipinde sasa.